Jinsi ya Kuiba Kimya: Mwongozo wa Kipoza cha Kompyuta ya Nyumbani

Unataka kompyuta isiyonguruma. Nami nataka uipate bila kusomea uhandisi, bila kuuza simu yako, na bila mtu yeyote kugundua ulipunja wapi. Maana utapunja. Anayenunua kipoza cha bei kubwa kuliko vyote dukani, akakifunga na kuacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, huishia na kelele ya gharama kubwa. Waliofanikiwa waliiba kidogo huku na kidogo kule: wati kadhaa kutoka kwa prosesa, sekunde chache kutoka kwa feni, mita moja kutoka kwenye meza. Sogea karibu nikuonyeshe njia.

1. Mkamate mpiga kelele halisi

Kabla hujatoa shilingi, kunja gazeti liwe mrija. Weka ncha moja sikioni, nyingine izungushe polepole karibu na kasha: mbele, nyuma, ubavuni, chini. Watu wengi hununua kipoza kipya cha prosesa ilhali anayelia ni feni ya pawa saplai, au kadi ya picha, au diski ya zamani inayotetemesha bati zima. Ikiwa ni diski, weka SSD na umalize kazi. SSD haina kitu kinachozunguka, na kompyuta itafunguka upesi kiasi kwamba wageni watadhani umenunua mpya. Waache wadhani hivyo.

Sauti ikitoka katikati, juu ya prosesa, chungulia waya wa feni unapoingia kwenye mazabodi. Hesabu pini zake. Zikiwa 4, mazabodi inaiamuru feni mwendo kwa mawimbi ya umeme ya haraka, yaani PWM. Zikiwa 3, mwendo unapunguzwa kwa kushusha volti tu, yaani DC. Sasa ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mazabodi, utazame mpangilio wa feni hiyo: ikiwa feni ya pini 3 imewekwa kwenye PWM, itakimbia mwendo wake wote usiku na mchana, hata kompyuta ikiwa haina kazi. Ibadilishe iwe DC. Baadhi yenu mtaishia hapa, mmepata kimya bila kununua chochote. Mkiulizwa, semeni mmefanya ukarabati.

2. Shindwa mbio kabla hazijaanza

Huu ndio wizi mkubwa kuliko wote.

Kelele ni joto lililobadilika sura. Prosesa ikila umeme, umeme wote unakuwa joto. Joto likizidi, feni inaongeza mwendo. Feni ikiongeza mwendo, wewe unaongeza sauti ya redio. Intel imeiruhusu Core i9-14900K ivute hadi wati 253 inapokaza, na Ryzen 9 7950X ya AMD hufika 230. Joto lote hilo hutoka kwenye silikoni isiyofika sentimita tatu za mraba. Hakuna kipoza cha hewa duniani kitakachotuliza hilo huku kikinong'ona.

Kwa hiyo nunua prosesa ndogo. Ryzen 5 7600 hukomea wati 88 hata ukiipa kazi yote. Core i5-12400 hukomea 117. Zote mbili zinafungua mafaili, zinahariri video za harusi, zinacheza michezo mingi vizuri kabisa, na kipoza cha bei ya kawaida kinazimudu kwa feni inayozunguka taratibu. Epuka prosesa za Intel zenye herufi K mwishoni, kwani zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kukaza zaidi. Najua kuna hofu ya wenzako kukuuliza una prosesa gani. Wajibu "Ryzen, kizazi cha Zen 4," kisha nyamaza kwa kujiamini. Sijapata kumsikia mtu akiuliza wati.

Umeshanunua kubwa? Haidhuru, ifunge kamba. Kwenye mazabodi za AMD tafuta Eco Mode. Unaweza kuishusha 7950X kutoka kiwango chake cha kawaida cha wati 170 hadi 105, au hata 65. Kwenye Intel, weka kikomo cha umeme kiwe wati 125 badala ya 253. Utapoteza nini? Kidogo kuliko unavyoogopa. Umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volti, na ile kasi ya mwishomwisho ndiyo inayodai volti nyingi kuliko zote. Ukiikata, unatoa sehemu kubwa ya joto na sehemu ndogo ya kazi. Kwenye michezo, ambayo mara chache hutumia viini vyote vya prosesa kwa pamoja, utahitaji chombo cha kupimia ili uone tofauti.

Na kwa mvivu kuliko wote, ambaye BIOS inamtia jasho: ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya juu zaidi, utafute mstari wa kiwango cha juu cha prosesa. Umeandikwa asilimia 100. Andika 99. Kwenye kompyuta nyingi za Intel, asilimia hiyo moja inazima ile nyongeza ya kasi ya ghafla, na feni inatulia papo hapo. Ni hila ya kale ya watu wa kompyuta za mapajani, na haijazeeka.

Kuna faida nyingine ya kumnong'oneza anayelipa bili nyumbani. Wati 100 pungufu kwa saa 10 ni uniti moja nzima ya umeme wa LUKU.

3. Pima chumba chako kwanza

Hapa wengi wa ukanda wetu wanadanganywa na video nzuri za wenzetu wa nchi za baridi. Mpimaji yuko chumba cha nyuzi 21 au 22. Wewe uko Dar es Salaam, mwezi wa pili, saa nane mchana, chumba kina nyuzi 32. Kipoza hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinachoweza ni kupunguza pengo baina ya viwili hivyo. Kwa hiyo chukua tarakimu ya mpimaji uiongezee nyuzi zako 10. Prosesa iliyokaa kwenye 75 kwake itakaa karibu na 85 kwako, kwa kipoza kilekile na kelele ileile.

Aliye Nairobi ana bahati yake, na ana kodi yake. Hewa ni baridi zaidi, lakini katika mwinuko wa karibu mita 1,800 ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Bado ubaridi unashinda. Ndugu yangu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, wewe nunua kipoza cha daraja moja juu ya unachodhani unahitaji. Ziada hiyo usiitumie kukimbia. Itumie kuipunguza feni.

4. Nunua chuma kingi na feni ya polepole

Kipoza cha mnara ni kitu rahisi. Kuna kitako cha shaba kinachokaa juu ya prosesa. Kutoka hapo inapanda mirija ya shaba iliyotolewa hewa na kuwekwa maji kidogo sana ndani. Maji yanachemka upande wa joto, mvuke unakimbilia juu, unapoa, unageuka maji, unarudi chini kwa kunyonywa na utando wa ndani ya mrija. Mirija imeshikilia mapezi ya alumini, na feni inapuliza katikati ya mapezi. Basi. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Mapezi yakiwa mengi na mapana, feni inapata nafasi ya kuwa mvivu.

Na uvivu wa feni una malipo makubwa kuliko yanavyoonekana. Ukiipunguza feni mwendo kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huhesabu kushuka kwa desibeli 10 kuwa ni nusu ya sauti. Ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza, unaongeza desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni mbili zinazotembea ni tulivu kuliko moja inayokimbia, na feni ya milimita 140 inaishinda ya 120 ikiwa zote zinasukuma hewa sawa.

Nunua nini, basi? Kwa mwenye mfuko wa kawaida jibu ni Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright kutoka Taiwan: minara miwili, mirija 6, feni mbili za milimita 120, na kwa Marekani imekuwa ikiuzwa chini ya dola 40. Imewaaibisha wenye bei mara mbili yake. Huku kwetu ongeza usafiri, na usafiri unapimwa kwa kilo, kwa hiyo muulize anayekuletea kabla hujashangilia bei.

Kwa mwenye kutaka jina, kuna Noctua ya Austria. NH-D15 yao ya mwaka 2014 ina uzito wa kilo 1.32 pamoja na feni zake mbili, na kwa miaka mingi ndiyo kila mpimaji aliyoitumia kama rula. Mwaka 2024 walitoa G2 yenye mirija 8. Tatizo la Noctua ni rangi: kahawia na maziwa, rangi ambazo hakuna aliyezichagua kwa kupenda urembo. Kama kasha lako lina kioo na moyo wako una aibu, tafuta toleo la chromax.black, jeusi kuanzia feni hadi skrubu. Utalipa zaidi kwa rangi tu. Lipa. Kitu unachokionea aibu hutakitunza. Wajerumani wa be quiet! nao wana Dark Rock Pro, nyeusi tangu mwanzo.

Kuna pia kipoza kisicho na feni kabisa, NH-P1 ya Noctua, cha mwaka 2021. Ni pande la chuma lenye uzito wa kilo 1.18 na mapezi mazito yaliyoachana. Kinatamanisha sana kukisimulia. Lakini kinahitaji prosesa ya upole na kasha lililo wazi juu ambamo hewa moto inapanda yenyewe, na katika chumba cha nyuzi 32 kitakulazimisha kuifunga prosesa kamba mara mbili. Kwa pwani, weka feni moja kubwa inayozunguka mara 500 kwa dakika. Hutaisikia, na prosesa itapumua.

5. Tumia rula, si matumaini

NH-D15 ina urefu wa milimita 165. Peerless Assassin 120 SE, 155. Makasha mengi ya bei nafuu hupokea 155 hadi 160. Ubavu wa kasha haufungi kwa maombi. Pima kutoka kwenye uso wa prosesa hadi kwenye kioo, uandike kwenye simu, ndipo uende dukani. Pima na RAM yako pia, hasa zile zenye vilemba vya taa: chini ya feni za NH-D15 kuna nafasi ya milimita 32 tu, na vilemba vingi vinapita hapo. Unaweza kuipandisha feni ya mbele juu kidogo, ila urefu wote utapanda nayo.

Angalia pia soketi. Kipoza kilichokubali LGA1700 ya Intel kwa kawaida kinaingia LGA1851, na vingi vya AM4 ya AMD vinaingia AM5. Ukinunua kilichotumika, hakikisha mfuko wa skrubu umo ndani. Kipoza bila skrubu zake ni pambo la mezani.

6. Boksi lisome kwa huruma

Boksi litakwambia "wati 250" na "desibeli 24". Usiligombeze, linajaribu kuuzwa. Lakini hakuna kipimo kimoja kinacholazimisha viwanda vyote kuhesabu wati hizo kwa namna moja, na desibeli hutegemea kipimasauti kiliwekwa umbali gani na kama feni ilipimwa peke yake hewani au ikiwa imefungwa kwenye mapezi. Feni ikikutana na mapezi, sauti hubadilika. Kwa hiyo usilinganishe boksi la kampuni moja na la nyingine.

Njia ya mkato: tafuta wapimaji wanaoweka vipoza vyote kwenye kelele sawa kisha wakapima joto. Gamers Nexus wa Marekani hufanya hivyo. Hilo ndilo jedwali lako. Jedwali la feni zikiwa mwendo wote linawafaa watu ambao hawalali.

7. Kuhusu maji, sema kweli na nafsi yako

Tuelewane kuhusu kipoza cha maji. Unakitaka kwa sababu ni kizuri. Mipira miwili myeusi, kofia yenye taa juu ya prosesa, rejeta yenye feni tatu zinazong'aa kwa zamu. Mgeni akiingia anauliza "hii ni nini?" na wewe unapata nafasi ya kusema "water cooling" kama mtu aliyelizoea jambo. Hilo ni raha halali na silidharau.

Ila usinunue maji kwa ajili ya kimya. Maji hayapotezi joto, yanalisafirisha tu hadi kwenye rejeta, na rejeta bado inahitaji feni. Juu ya hizo feni unaongeza pampu, ambayo haisimami hata kompyuta ikiwa haina kazi, na mlio wake mwembamba ni wa aina ambayo sikio huitafuta usiku. Maji pia hupungua taratibu kwa kupenya kwenye mipira. Dhamana nyingi za chapa kubwa ni miaka 5 au 6. Mnara wa chuma ukiharibika feni, unabadili feni, tena ya duka lolote.

Ukishindwa kujizuia, basi fanya hivi: rejeta ifunge juu ya kasha au mbele, na pampu kamwe isiwe sehemu ya juu kuliko zote. Hewa iliyomo ndani hupanda, na ikipanda hadi kwenye pampu utasikia kama mtu anasukutua. Weka pampu mwendo mmoja usiobadilika. Na maji yana nafasi yake ya haki: prosesa ya wati zaidi ya 200 inayofanya kazi ya saa nyingi mfululizo, au kompyuta inayosafirishwa mara kwa mara, ambapo kilo nzima ya chuma inayoning'inia kwenye mazabodi ni hatari.

Raha yako ni taa? Nunua feni ya kasha yenye taa, iendeshe polepole, uifunge mahali mgeni anapoiona. Umepata sifa ileile kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili au watatu.

8. Mfundishe feni uvivu

Sasa tumefika penye utamu. Ukisahau yote niliyosema, kumbuka hili.

Kinachokera kwenye kelele ya kompyuta mara nyingi ni kubadilikabadilika kwake. Sauti isiyobadilika ubongo huizoea na kuifuta. Sauti inayopanda na kushuka ubongo huifuatilia, upende usipende. Na prosesa za leo zina tabia ya kurusha joto: unafungua ukurasa mmoja wa intaneti, joto linaruka nyuzi 15 au 20 kwa sekunde moja, kisha linarudi. Mazabodi iliyotoka kiwandani inaona mruko huo inashtuka, inaiamuru feni ikimbie. Feni inavuma. Joto limeshashuka zamani. Feni inatulia. Unafungua ukurasa mwingine.

Usikubali kuishi hivyo. Ingia BIOS. Kwa Asus sehemu hiyo inaitwa Q-Fan, kwa Gigabyte ni Smart Fan, kwa MSI ni Hardware Monitor, kwa ASRock ni Fan-Tastic Tuning. Utaona mchoro: joto chini, mwendo wa feni ubavuni. Fanya yafuatayo bila woga.

Ulaze mchoro. Kuanzia nyuzi 0 hadi 65, weka mwendo mmoja tu, ule wa chini usiousikia ukikaa kitini. Kwa feni nyingi ni kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika. Kwa pwani, ulaze hadi 70. Kutoka hapo upandishe taratibu hadi kama asilimia 60 kwenye nyuzi 80. Mwendo wote uuweke kwenye 90, kama mlinzi wa mlangoni ambaye hutarajii kumwita.

Kisha tafuta kichelewesho. Mazabodi nyingi zina mpangilio wa sekunde ngapi feni isubiri kabla ya kupanda na kabla ya kushuka. Weka sekunde 3 hadi 5 za kupanda, na nyingi zaidi za kushuka. Ile miruko ya sekunde moja feni haitaijua tena. Chuma kizito ulichonunua kitaimeza, kwani kuongeza joto la kilo nzima ya shaba na alumini huchukua muda.

Halafu sikiliza miguno. Pandisha feni kidogokidogo, hatua kwa hatua, sikio likiwa karibu. Karibu kila kasha lina mwendo mmoja au miwili ambapo bati linaanza kuimba pamoja na feni. Iandike, uupange mchoro uruke mwendo huo. Kazi hii huchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na hakuna kiwanda kinachoweza kukufanyia, kwa kuwa hakijui kasha lako wala meza yako.

Unaogopa nyuzi 80? Acha. AMD ilibuni Ryzen 7000 ziweze kufanya kazi hadi 95 bila kudhurika, na Intel imeiwekea 14900K kikomo cha 100. Zikifika hapo zinajipunguza kasi zenyewe. Watu wanaojisifu kwamba prosesa yao ina nyuzi 45 wananunua tarakimu kwa masikio yao. Wewe tazama tarakimu mara moja kwa mwezi, kisha funga dirisha hilo.

9. Pesti, na ile karatasi ya plastiki

Kitako cha kipoza kipya mara nyingi kimefunikwa na plastiki nyembamba inayoangaza. Itoe. Narudia: itoe. Mafundi wanajua ni kompyuta ngapi zimeletwa "zinachemka sana" zikiwa bado zimevaa plastiki hiyo.

Pesti ya joto weka tone la ukubwa wa mbaazi katikati. Kwa prosesa pana za Intel weka mstari mfupi. Kubana kutaitandaza. Kaza skrubu kwa kupishana, kona hii kisha ya mkabala, zamu kwa zamu, hadi zisimame zenyewe. Pesti ya Arctic MX-4 au inayofanana nayo inatosha. Pesti ya bei mbaya hukupa nyuzi mbili tatu, ambazo utazipata bure kwa kufungua dirisha.

10. Danganya chumba

Vyumba vyetu vingi ni saruji na vigae, na sauti inagonga ukuta inarudi. Zulia, pazia zito, godoro au kabati la nguo hula mlio mwembamba wa feni. Ishushe kompyuta mezani: kasha lililo kando ya sikio na lililo sakafuni nyuma ya mguu wa meza ni vitu viwili tofauti, ingawa feni ni ileile. Liweke juu ya vipande vya mpira, viganja vinne kutoka ukutani, na usilifungie kabatini, kwani litapumua hewa yake yenyewe.

Na jiulize swali la haki: je, pangaboi linazunguka juu yako? Kama linazunguka siku zote, lina sauti kubwa kuliko kipoza chochote nilichokitaja hapa. Nunua cha bei ya kati, fedha iliyobaki inunulie mafuta na nati za pangaboi.

11. Kwa wenye kompyuta za ofisi zilizotumika

Wengi wenu mna Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizokuja kwenye kontena. Msihangaike na minara, kwani nyingi zina kasha jembamba, na Dell na HP hupenda skrubu na plagi za umbo lao wenyewe, hivyo kipoza cha dukani hakikai. Mkikilazimisha, mashine itagoma kuwaka vizuri ikidai haioni feni. Ninyi mna njia fupi kuliko wote: pesti iliyomo imekauka kwa miaka na mapezi yamevaa vumbi. Futa pesti kwa spiriti, paka mpya. Piga mapezi blowa, huku feni mmeizuia kwa kidole au kijiti. Ikizungushwa kwa nguvu ya upepo huo beringi zake zinaumia. Wa Dodoma na Shinyanga, fanyeni hivyo mwanzo na mwisho wa kiangazi. Wa pwani, futeni pia chumvi.

Hata mwenye Noctua yake afanye hivyo. Mapezi yaliyozibwa na vumbi hayajui yalinunuliwa kwa bei gani.

Ikiwa mwezi huu una fedha ya kitu kimoja tu, usinunue kipoza bado. Nunua mrija mmoja wa pesti na brashi laini, safisha ulichonacho, ulaze mchoro wa feni, uweke kikomo cha wati, kisha usikilize kwa wiki nzima. Kama bado inanguruma, hapo ndipo ukanunue chuma kingi, na rula uwe nayo mkononi.